Bodi Iliyotoka kwa Kuku

Likasi, tarehe 12 Agosti 2024

Kwa Yaya Glody, kaka yangu,

Salamu zilizomo humu ni za watu wengi, nami nimepewa kazi ya kuzifikisha bila kumwaga hata moja. Mama anakusalimu, anauliza kama Tantine Delphine anakupa bukari ya kushiba au kama huko Kitwe unadonoa kama ndege. Papa Symphorien tolie, mnyoosha bodi za magari, anakusalimu kutoka ng'ambo ya barabara, nyundo mkononi. Jogoo wetu amekufa, hakuna aliyemla, alikuwa mzee sana.

Nimefaulu Examen d'État. Majina yalipotoka, wenzangu walinivizia na makopo ya poda, nikakimbia hadi nyuma ya kanisa. Walinikuta huko. Nilirudi nyumbani mweupe toka nywele hadi viatu, na Mama akalia mlangoni, halafu akanifukuza nisiingie na poda ndani. Basi mdogo wako sasa ana diploma na hana la kufanya.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita walikuja watu wa mitraye, wale wanaozunguka na mkokoteni wakinunua vyuma vibovu. Waliinua turubai lililofunika Mamzelle, gari lako, mmoja akagonga mlango kwa kiatu.

"Mama, hii njo maiti. Utupatie, tutaizika vizuri."

Mama hakuitazama. Tangu ajali ya barabara ya Kambove hajaitazama hata siku moja. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya gari, sijui nilifikaje pale. Aliniangalia mimi, akawaambia: "Mungojee Pasaka. Kama haitembee Pasaka, mutakuja na mukokoteni."

Walipoondoka niliingia chini ya turubai. Nilikuwa sijawahi kuingia bila wewe. Upande wa kushoto wa Mamzelle umekunjamana kama karatasi, hata sakafu imepinda. Lakini injini haina mkwaruzo. Nataka kukuuliza: injini inaweza kuhamia bodi nyingine, kama mtu anavyohama nyumba? Na lile konokono la chuma pembeni yake ni nini? Kwa nini springi zake ni fupi kuliko za teksi?

Chini ya kiti nimekuta lile tufe la jiwe la malakiti Baba alilokuchongea, kichwa cha gia. Halikupasuka. Nimeliosha, kijani chake kimerudi.

Mkono wako je? Tantine anasema hutaki simu, hasa za picha. Sikulaumu, mimi mwenyewe simu hunikausha mdomo. Papa Patrice amekubali kubeba barua zetu kila lori lake linapopeleka shaba upande huo.

Mdogo wako,
Sephora Mujinga

*

Kitwe, 3 Septemba 2024

Sepho,

Hapa tu wazima. Tantine ananilisha hadi naona aibu. Hongera kwa diploma. Ningekuwepo, ningekumwagia poda mimi mwenyewe, na usingefika nyuma ya kanisa.

Mkono unaendelea. Mwandiko ni mbaya kwa sababu meza ya Tantine inacheza.

Wape watu wa mitraye gari lao. Usingoje Pasaka. Mama asumbuke kwa nini na turubai uani?

Konokono ni turbo. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, na feni hiyo inazungusha nyingine inayosukuma hewa safi ndani kwa nguvu. Injini ikila hewa nyingi, inakula petroli nyingi, inakimbia. Ni hayo tu. Ziba mdomo wake kwa kitambaa, vumbi likiingia imekufa.

Springi fupi ni kwa sababu gari likiwa chini halilali kwenye kona.

Kuhama nyumba inawezekana, kwa fundi mwenye mikono. Usiniulize zaidi.

Glody

*

Likasi, 29 Septemba 2024

Yaya mpendwa,

Joto limekuja kabla ya mvua, na jakaranda za mjini zimeanza kumwaga maua. Mama ana kikohozi kidogo, anasema ni vumbi. Anakusalimu. Barua yako aliishika muda mrefu kabla ya kunipa, ingawa haikuwa imefunguliwa.

Nimeziba mdomo wa turbo kwa skafu yangu ya shule. Uliniambia nisiulize zaidi, kwa hiyo sikuulizi, nakusimulia.

Jumapili kwaya yetu ilialikwa Mulungwishi. Baada ya ibada tulipelekwa kula kwa mzee mmoja, Papa Nicolas, anayefuga kuku. Nilikaa pembeni kama kawaida yangu, nikawa natazama kuku wakiingia na kutoka bandani. Waliingia kupitia dirisha. Nikasema moyoni, banda gani lina madirisha ya pembeni yaliyolala hivi? Nikazunguka nyuma. Yaya, zilikuwa taa za nyuma za Mamzelle! Matundu yake, maana taa zenyewe hazipo. Ni bodi tupu ya gari kama lako, ndugu yake kabisa, bila injini, bila magurudumu, imejaa majani makavu na mayai.

Nililala chini kutazama sakafu, na sare ya kwaya mwilini. Papa Nicolas akanikuta hapo.

"Weye mutoto, yayi iko huku juu. Unatafuta nini kule chini?"

Unajua ninavyokuwa. Wanakwaya wote walikuwa wanatazama. Halafu nikasikia sauti yangu ikisema: "Papa, hii nyumba ya kuku, unaweza kuibadilisha na ingine?"

Akacheka hadi akakaa. Ni bodi ambayo mwanawe aliivuta kutoka Zambia miaka mingi iliyopita, akataka kuunda gari, kisha akahamia Angola. Karatasi zake zipo, Papa Nicolas amezitunza. Akasema: "Minye sina neno. Lakini kuku bangu batalala wapi?"

Nikamwambia nina nyumba nyingine ya kuku, imepinda kidogo upande wa kushoto.

Jumamosi nilirudi na Papa Symphorien. Njia nzima alinung'unika kwamba yeye ni tolie, si fundi wa kuku. Lakini aliigonga-gonga bodi kwa vidole, akaweka sikio. Kisha akasema paa ni zima, nguzo ni nzima, kinyesi kimekula sakafu mahali kadhaa tu, atapachika bati la pipa. Mimi nilipima kila kitu kwa futi ya kushonea ya Mama: toka tundu hadi tundu, toka upinde wa gurudumu hadi upinde wa gurudumu. Kisha nikapima Mamzelle, upande wake mzima. Vipimo ni vilevile. Nilipima mara mbili kwa sababu nilikuwa sijiamini.

Mama nilimwambia usiku tukila. Alisema tu: "Gari ya kuku," na kuendelea kula. Hakusema hapana.

Sephora wako

*

Kitwe, 14 Oktoba 2024

Sepho,

Tantine alikuja mbio kutoka jikoni kuona nimepatwa na nini. Nilikuwa nacheka. Imepinda kidogo upande wa kushoto! Umejifunza wapi biashara, weye usiyeweza hata kuomba chumvi kwa jirani?

Bado nasema uza. Lakini kama hutaki kusikia, sikia basi haya. Usikate waya hata mmoja. Kila waya unaouchomoa, fungia kitambaa chenye rangi, na mwenzake unakotoka umfungie rangi hiyohiyo. Ukifungua bolti, irudishe hapohapo kwenye tundu lake, usiweke bolti kwenye kopo, kopo ni kaburi. Injini itolewe kwa juu, kwa mnyororo, na gia boksi yake pamoja. Papa Symphorien ana haraka. Usimwache peke yake.

Halafu jambo moja, kabla ya yote. Bodi hiyo imetoka Zambia. Huku madereva wote hukaa kuume. Mamzelle alitoka Ubelgiji, usukani wake ni wa kushoto. Angalia tundu la usukani liko upande gani. Usiachie bodi ya zamani kabla ya kuangalia. Nijibu haraka.

Glody

*

Likasi, 10 Novemba 2024

Yaya Glody,

Mvua imeanza, na Mama amepona kikohozi. Watoto wa mtaa wanauza uyoga. Tunakutakia afya, na tunakutamania uyoga wetu.

Barua yako ya tarehe 14 Oktoba imenifikia jana. Lori la Papa Patrice lilikwama mpakani Kasumbalesa, foleni ikawa ndefu kupita kawaida. Ameniomba msamaha mara nyingi, maskini, hajui alichokuwa amebeba.

Yaya, kuku wameshahama.

Nitakueleza kwa utaratibu. Injini tuliitoa kwa juu, kwa mnyororo, na mimi nilikuwa nimeshafunga vitambaa kwenye nyaya kabla hujaniambia. Nilitumia mabaki ya vitenge vya Mama, kwa hiyo waya wa taa ni wa maua mekundu na wa feni ni wa samaki. Bolti ziko kwenye matundu yake, isipokuwa chache ambazo Papa Symphorien alikuwa ametia kwenye kopo. Bodi ya zamani ilipandishwa lori la makaa ikaenda Mulungwishi, na bodi mpya ikaja na lori lilelile. Papa Nicolas ametuma habari kwamba kuku wameipenda, kwenye lile kunjo la mlango hakuna upepo.

Tukaosha bodi siku nzima. Papa Symphorien akapachika sakafu. Tukashusha injini ndani, ikakaa mahali pake kama mtoto mgongoni. Nilipiga kelele, mimi! Mama akatoka nje kuona ni nani aliyepiga kelele.

Kisha nikachukua usukani wenye kremayere yake, ile fimbo ya meno inayogeuza magurudumu, nikaenda kuuingiza. Upande wa kushoto hapakuwa na tundu. Palikuwa na chuma kizima. Nikadhani limezibwa na kinyesi, nikakwangua. Nikakwangua mpaka Papa Symphorien akaja kuona nakwangua nini. Akatazama kushoto, akatazama kuume, akashika kichwa.

"Mama yangu! Usukani iko ku mukono ya kuume!"

Tulikuwa tumeipima bodi ile kwa futi, tumeigonga, tumeiosha, tumelala chini yake. Macho yetu sote yalipita juu ya tundu lile. Nimefikiri kwa nini. Hapa kwetu magari ya kushoto na ya kuume yanapita yote barabara moja, tangu tumezaliwa. Ukiona tundu la usukani, unaona tundu, huulizi upande. Mtu wa Kitwe angeona mara moja, na mtu wa Ubelgiji pia. Sisi tu.

Mtaa mzima umecheka. Glody wa jina lako, yule muuza vocha, ananiita Madamu Kuume. Papa Symphorien anasema si kitu, atakata ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva, ahamishe kila kitu kushoto. Ameshachora kwa chaki. Mimi nimemwambia angoje.

Kabla hajakata nataka kuelewa. Katika gari la kuume, ni mkono upi unaobadilisha gia?

Sephora

*

Kitwe, 2 Desemba 2024

Sephora,

Salamu kwa Mama. Mvua huku pia.

Mkono wa kushoto, bila shaka. Swali gani hilo?

Mwambie Papa Symphorien akate. Mamzelle ni gari la kushoto. Nililijenga la kushoto, kila waya niliupitisha kushoto, kwa mikono yangu. Gari la kuume si langu, ni la mtu mwingine. Kama hawezi kukata vizuri, ita watu wa mitraye. Nilikwambia mapema. Nilikwambia uza.

Na usiniandikie habari za gari tena. Niandikie habari za nyumbani.

Glody

*

Likasi, 22 Desemba 2024

Yaya,

Habari za nyumbani ni kwamba tunajiandaa kwa Noeli. Kwaya inaimba kila jioni. Nimepewa mstari mmoja wa kuimba peke yangu, nimeukataa, wamenipa tena. Mama amenunua samaki wakavu na anaficha funguo za kabati. Anakusalimu. Embe zimeiva hata watoto wamechoka nazo.

Mamzelle pia iko nyumbani, kwa hiyo nayo ni habari za nyumbani.

Nimemzuia Papa Symphorien asikate. Amekasirika, amesema: "Minye njo tolie ao weye?" Nikamjibu ni yeye, nikafuta chaki yake kwa kitambaa kilicholowa.

Sababu nitakuambia, nawe usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Unamkumbuka Jessy, rafiki yangu wa dawati moja? Huandika kwa kushoto. Kiganja chake kilikuwa kikipita juu ya wino kabla haujakauka, na kila daftari lake lilikuwa na kivuli cha buluu kilichovutwa toka neno hadi neno. Walimu walimgombeza kwa uchafu. Barua zako zote zina kivuli hicho. Meza inayocheza haiwezi kufanya vile.

Sikuulizi kitu. Ulisema nisiulize.

Ila jana nilikaa ndani ya Mamzelle, upande wa kuume, juu ya debe maana kiti bado. Nilitaka kujua kukoje huko. Kioo cha mbele hakipo, mvua ya manyunyu ilinipiga usoni. Nikaweka mkono wa kuume pale usukani utakapokuwa. Ukatulia tu hapo, hauna kazi ya kukamata. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa na kazi yote: gia moja, gia mbili, gia tatu. Niliendesha hivyo hadi Kambove na kurudi, kwa mdomo, vuuu, mpaka nikamwona Mama dirishani ananitazama. Anaitazama Mamzelle, Yaya. Mara ya kwanza.

Sasa tunahitaji kremayere ya kuume, pedali za kuume na dashibodi ya kuume. Likasi hakuna, nimeuliza kila gereji. Nimeuliza kwa mdomo wangu, ujue. Wote wananijibu kitu kimoja: hivyo viko Zambia.

Zambia yuko nani, Yaya, isipokuwa wewe?

Sephora

*

Likasi, 26 Januari 2025

Yaya Glody,

Papa Patrice amerudi mikono mitupu. Nilimwuliza kama alikuona. Alisema ulikuwa ndani na Tantine alisema umelala, na ilikuwa saa sita mchana.

Mama hajambo, mimi sijambo. Niliimba ule mstari. Sauti ilitetemeka lakini ilifika mwisho.

Kama nimekuumiza, niandikie hivyo tu. Hata kama ni kwa wino uliochafuka.

Mdogo wako

*

Kitwe, 9 Februari 2025

Sepho, mdogo wangu,

Mpe Mama salamu zangu, mwambie nimemkosea kwa kunyamaza. Tantine Delphine anakusalimu, anasema mtoto mwenye haya akianza kusema hakuna wa kumfunga.

Vidole vitatu vya mkono wa kuume havipo, cha kati, cha pete na kidogo. Vilibanwa kati ya kiti na gia sakafu ilipopinda, na madaktari wa huku wakavikata. Vimebaki gumba na kidole cha shahada. Zamani nilifunga bolti gizani bila kuangalia, sasa kifungo cha shati kinanishinda asubuhi nzima. Sikutaka uone. Sikutaka Mama aone. Mwambie wewe, mimi nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwake mara nyingi, kalamu inakwama.

Barua yako ya Noeli niliitia chini ya godoro. Ile ya pili Tantine aliisoma kwa sauti mbele yangu, makusudi, akarudia pale pa saa sita mchana. Halafu akanitupia viatu vyangu.

Nilikwenda. Kuna uwanja wa magari mabovu nje ya mji, wa mzee mmoja wa Kibemba mwenye kofia ya sufu hata juani. Tangu Mei nilikuwa sijavuka barabara ya kwa Tantine. Nikamwambia natafuta kremayere. Akaniuliza ya gari la nani.

"La mdogo wangu. Analijenga uani."

"Ana miaka mingapi huyo kijana?"

"Si kijana. Ni msichana, ametoka shule juzi. Bodi yake aliitoa kwa kuku."

Alidhani namtania. Nikamweleza yote. Alipocheka, alikohoa. Akanionyesha gari nyuma kabisa, ndani ya majani, limelala juu ya matofali. "Mafundi wangu wamekwenda kula," akasema. "Fungua mwenyewe." Akanipa spana. Akauona mkono, nikaona ameuona. Hakuichukua tena spana yake.

Nililala chini. Mkono wa kushoto ulisukuma, vidole viwili vya kuume vililenga. Spana ilianguka usoni mwangu, nikatukana Kiswahili chote ninachokijua. Jua lilihama toka mguu mmoja hadi mwingine. Mafundi walirudi, wakasimama kutazama, mzee akawakataza wasinisaidie. Bolti ya mwisho ilipofunguka nilibaki nimelala chini ya lile gari, nikiishika kifuani.

Papa Patrice analeta kremayere, pedali na dashibodi. Bolti ziko kwenye matundu yake, sikutumia kopo.

Lakini mimi siji. Fundi wa vidole viwili atafanya nini Likasi? Watu watasema hamjambo usoni, wataangalia mkono. Malizia wewe. Ni gari lako sasa, Madamu Kuume.

Glody

*

Likasi, 16 Machi 2025

Yaya Glody,

Tumekwisha kula, vyombo vimeoshwa, na Mama yuko hapa mbele yangu anachambua maharage na kujifanya haangalii ninachoandika. Salamu zake ni nyingi leo.

Nilimwambia. Nilijiandaa siku mbili jinsi ya kusema. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Minye najua tangu zamani. Delphine alinipigia siku ileile ya kukatwa vidole. Nilikuwa nangoja aseme ye mwenyewe." Halafu akaenda kufunga kuku, tumepata jogoo mpya kutoka kwa Papa Nicolas, na akakaa huko nje muda mrefu kuliko kuku wanavyohitaji.

Sasa Mamzelle. Kremayere imeingia bila kupigwa hata nyundo moja. Papa Symphorien aliishikilia, mimi nikafunga, na aliposikia bolti inakaza alisema: "Aah. Sasa iko kwake." Nyaya zilikuwa fupi kufika upande wa kuume, nikaziongeza, moja baada ya moja, nikifuata vitenge: maua kwa maua, samaki kwa samaki. Taa zinawaka. Honi inalia, Mama anasema inalia vibaya. Kioo tumepata, kina ufa kwenye kona. Kiti chako kimehamia kuume. Rangi bado, mlango mmoja una madoa ya kuku ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote.

Imebaki kuiwasha tu. Na hapa nina neno.

Kitasa cha kuwashia nimekihamisha kutoka bodi ya zamani, kilekile. Ufunguo wake sikuupata popote. Nilitafuta chini ya viti, kwenye sanduku la Baba, hata Mulungwishi kwenye majani ya kuku. Ndipo nikakumbuka siku ya ajali waliokutoa garini walichomoa ufunguo wakautia mfukoni mwa suruali yako, na Mama alipokuwa anakufungia begi la Kitwe aliikunja bila kutazama mifukoni. Uko kwako, Yaya. Umekuwa kwako muda wote, na hukuwahi kuutaja. Mtu asiyetaka gari hutupa ufunguo.

Papa Symphorien anasema hakuna shida, ataunganisha waya mbili itawaka bila ufunguo. Alikuja na koleo yake. Nilipanda nikakaa juu ya boneti. Akasema shuka, nikasema sishuki. Muuza vocha akaita watu waje kuona Madamu Kuume amegeuka mlinzi. Walikuja wengi, walitazama, mimi nikawatazama pia, sikuinamisha kichwa. Papa Symphorien alichoka mapema kuliko mimi. "Kama dada njo hivi," akasema, "kaka itakuwa namna gani?"

Kwa hiyo Mamzelle inangoja. Watu wa mitraye walipita jana na mkokoteni wao, kukumbusha. Pasaka ni mwezi ujao. Mama aliwaambia: "Nilisema ni Pasaka. Leo si Pasaka." Lakini unamjua Mama, neno lake likitoka halirudi.

Kuhusu watu kuangalia mkono, wataangalia, nisikudanganye. Mimi wameniangalia tangu Novemba. Mwanzo inachoma. Halafu unakuta una bolti ya kufunga.

La mwisho. Lile tufe la malakiti nimelifunga kwenye gia. Niliogopa, kwa sababu Baba alilichonga kwa kupima kiganja chako cha kuume, na upande mmoja ulikuwa umelika kwa kushikwa. Nikalijaribu kwa mkono wangu wa kuume, likakaa. Nikakaa kwenye kiti chako, nikalishika kwa kushoto. Likakaa vilevile, Yaya. Nimelizungusha kila namna. Ni mviringo tu.

Mdogo wako,
Sephora

*

Kitwe, 6 Aprili 2025

Sepho,

Ufunguo uko mfukoni. Nimeushika sasa hivi ninavyoandika, ndiyo maana mstari umepinda.

Mwambie Papa Symphorien akanyage mbali na zile waya. Betri iwekwe mapema, mafuta ya injini yabadilishwe, na ile skafu yako ya shule uitoe mdomoni mwa turbo, la sivyo tutaivuta hadi Kambove. Mwambie Mama apike sombe, nyingi.

Usimpe Papa Patrice barua nyingine. Hatanikuta.

Glody